Mfuniko wa Sifuri

Kirua Vunjo
Jumapili, 4 Agosti 2024

Flavia,

Hujambo. Mimi mzima. Ng'ombe mzima. Yule jogoo mwekundu alikuwa mzima mpaka Alhamisi, Padri akapita, tukamla. Kahawa imeanza kuiva, nachuma jioni nikitoka kibaruani. Nyumba iko kimya tangu uondoke. Nilikuwa nakwambia unaongea sana. Basi.

Naandika kwenye karatasi ya mfuko wa saruji. Usione aibu. Ni ngumu, haichaniki, na tunayo nyingi. Mngeruhusiwa simu huko shuleni nisingehangaika na kalamu. Mimi nimeishia la nne, unajua.

Jambo lenyewe ni hili. Kule Pasua tunakojenga, fundi Godlove aliniuliza ndoo ngapi za zege zimebaki. Nikamwambia sifuri. Akaacha mwiko.

"Meku Theodory, mzee wangu, sifuri ndiyo nini? Sema ziro. Hilo neno ni ziro ya Wazungu, Waswahili wameliharibu."

Nikamwambia hapana. Sifuri imetoka kwa sufuria. Chukua sufuria tupu, ichungulie kwa juu. Ni duara, na ndani hamna kitu. Si ndiyo sifuri hiyo? Hata mbuzi anaona.

Vibarua wenzangu wamecheka mpaka mmoja akamwaga zege. Tukapeana mkono. Nikishindwa mimi, namwita Godlove "Profesa" mpaka nyumba iishe, na nyumba yenyewe ni ya ghorofa. Akishindwa yeye, anabeba zege siku nzima na mimi nashika mwiko.

Wewe ndiye unasoma hesabu za juu. Uliza.

La pili ni dogo. Sufuria kubwa ya Bernadetha, jirani yetu wa ng'ambo ya ua wa masale, bado iko hapa. Ile aliyoleta na machalari ya ndizi siku za msiba wa mama yako. Nimeitoa leo chini ya meza. Mfuniko wake siuoni. Unajua uko wapi?

Baba yako,
Theodory

~

Bweni la Mawenzi, shuleni, Iringa
19 Agosti 2024

Baba yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, ila huku baridi inauma kuliko ya kwetu, nalala na soksi mbili. Kidato cha Tano ni kigumu. Mtihani wa kwanza nimekuwa wa tatu darasani. Usimwambie mtu mpaka niwe wa kwanza.

Baba, lazima nikuonye kitu. Matroni anafungua barua zote kabla hatujapewa. Ya kwako ameifungua, akaanza kuisoma, akaja nayo bwenini machozi yanamtoka. Mimi nikajua kuna msiba. Kumbe anacheka. Ameisoma kwa sauti, "hata mbuzi anaona", mpaka wa bweni la jirani wakagonga ukuta. Sasa wasichana wote wananiita Sufuria.

Nimemuuliza Mwalimu Rukaiya, ndiye anatufundisha hesabu. Kwao Pangani, amesoma madrasa mpaka akahitimu. Amesema sifuri ni neno la Kiarabu, kule linatamkwa sifri, na maana yake ni tupu. Kitu kisicho na kitu ndani. Halijatoka kwa sufuria. Pole baba.

Ila usikate tamaa, maana Godlove amekosa vibaya zaidi. Wazungu zamani hawakuwa na alama ya sifuri. Waliipata kwa Waarabu, na Waarabu waliitoa kwa Wahindi. Wazungu wakashindwa kutamka sifri, Waitalia wakaipindapinda mdomoni, ikatoka imekuwa zero. Kwa hiyo ni ziro ndiyo sifuri iliyoharibiwa! Mwambie hivyo hivyo.

Mwalimu anasema mmetoka droo.

Kengele imelia, mengine siku nyingine. Nisalimie ng'ombe.

Mwanao,
Flavia

~

Kirua Vunjo
Jumapili, 8 Septemba 2024

Flavia,

Matroni, kama ndiye unafungua, habari za kazi. Sijui umri wako, kama ni mkubwa basi shikamoo. Endelea.

Flavia, wa tatu si mbaya. Ng'ombe mzima. Pombe ya mbege imepanda ladha mwezi huu, ulezi umekuwa mzuri.

Godlove alisomewa barua yako mbele ya watu. Halafu akasema droo ni droo, basi tugawane. Asubuhi nimemwita Profesa. Mchana amebeba zege. Ndoo ya nne akakaa chini. Nikamwambia, "Profesa, simama." Akasema Profesa ilikuwa asubuhi.

Sasa ile sufuria. Bernadetha alipita jana kwenye masale, ana majani ya ng'ombe kichwani. Akasema anahama. Kaka yake wa Babati anamwita akakae huko, watoto wake wote wameshaoa na kuolewa, mume alishatangulia, anabaki kufanya nini hapa peke yake. Ataondoka baada ya Krismasi. Sufuria hakuitaja. Lakini mtu anayehama huchukua vyombo vyake.

Chombo cha mtu hakirudi kitupu. Hilo hata watoto wa la kwanza wanajua. Nikaona nipike kiburu niijaze. Mama yako alikuwa anapika kiburu huku anagombana na mimi na haangalii hata chungu. Mimi nimekiangalia wakati wote. Ndizi za chini zimekuwa mkaa, za juu zimebaki mbichi, na maharage sijui yalikokwenda. Nimempa ng'ombe. Amekinusa, akanigeuzia mgongo.

Sufuria ilikuwa nyeusi ndani. Nikaisugua na mchanga wa ujenzi, ule mkali. Nikasugua sana. Nikaona mwanga.

Imetoboka, Flavia. Tundu la kupita kidole. Zamani ilikuwa sufuria tupu. Sasa hata utupu haishiki.

Hujajibu mfuniko.

Baba yako

~

Bweni la Mawenzi
18 Septemba 2024

Baba yangu,

Shikamoo. Matroni anasema yeye ni wa kupewa shikamoo, lakini ya kwako haipokei, umri wenu unakaribiana. Anasema "nzuri". Anauliza pia ulisugua kwa nguvu kiasi gani.

Baba, nimecheka mpaka nimepata kwikwi kwenye kipindi cha kujisomea. Nimesimamishwa mlangoni dakika ishirini. Nimeendelea kucheka mlangoni.

Mwalimu Rukaiya anakusalimia. Nilimwambia baba yangu anasema sufuria tupu si kitu. Akaniita ubaoni. Akaandika 205, akaniambia futa sifuri. Nikafuta. Ikabaki 25. "Haya," akasema, "kama si kitu, mbona mia mbili imekufa?" Anasema sifuri ni tupu, lakini kazi yake ni kushika nafasi. Ikiwepo, wenzake wanajua wakae wapi. Nimelala nikiwaza hilo.

Sasa na mimi nikuulize. Kutoka mlango wetu mpaka kwa Bernadetha hata hatua hamsini hazifiki. Sufuria imekaa miaka miwili. Ungeweka parachichi mbili ukairudisha siku ya pili tu. Kwa nini hukuirudisha?

Tena barua yako ya kwanza jina la Bernadetha limetokea mara moja. Matroni anasema barua ya pili ungeandika "yule jirani" ingetosha, lakini umemwandika jina, na majani ya ng'ombe aliyobeba kichwani, na kaka yake, na watoto wake. Mimi umeniandikia "wa tatu si mbaya".

Mfuniko sikumbuki.

Flavia

~

Kirua Vunjo
Jumapili, 29 Septemba 2024

Flavia,

Wazima. Ng'ombe ana mimba.

Matroni ahesabu shuka za bweni, aache kuhesabu mimi.

Nimepeleka sufuria kuzibwa. Kuna mzee Pasua anaitwa Swaleh, anakaa karibu na soko, anaziba sufuria na kutengeneza majiko. Nikamwamkia, nikampa. Akaiinua juu ya uso wake, akaniangalia kupitia tundu.

"Mchagga wangu, umeipiga risasi?"

"Nimeisugua."

"Na nini, tindo?"

"Mchanga."

Akaita wenzake waje waone. Wakaja. Wakaona.

Akiwa anaigonga, nikamweleza ugomvi wetu na Godlove, na Mwalimu wako wa Pangani. Mzee Swaleh akaacha nyundo. Akaomba karatasi, nikampa kipande cha mfuko wa saruji. Akaandika kwa mkaa herufi tatu za Kiarabu. Akasema ni sadi, fa, ra.

"Ukitia kistari hapa chini ya sadi, unasoma sifri. Tupu. Mwalimu amesema kweli."

"Sawa."

"Kistari kifute. Weka kialama kama mkia wa panya hapa juu. Sasa unasoma sufri. Hiyo ni shaba. Sufuria za zamani zilikuwa za shaba, jina limebaki mpaka kwenye hizi za alumini mnazotoboa."

"Kwa hiyo ni herufi zile zile?"

"Zile zile tatu."

"Basi ni ndugu."

"Mimi naziba sufuria, mambo ya ukoo wa maneno sijui. Ila wenyewe wakiandika, mara nyingi hizo alama hawaziweki. Ukiokota hiki kikaratasi njiani, hujui kama mtu ameandika tupu au ameandika shaba. Mpaka umjue aliyeandika."

Flavia, mimi sijakosa. Nimekosea kialama tu. Nimempelekea Godlove kile kipande. Amekigeuza juu chini, amekubali. Kesho yake amebeba zege kutwa nzima na mimi nimeshika mwiko. Ukuta umetoka na tumbo. Ameubomoa, lakini kwa heshima.

Mzee Swaleh alipomaliza akaniuliza, "Sufuria ya nani hii? Umeibeba kama mtoto wa siku saba."

"Ya jirani."

"Jirani ana mume?"

"Alishafariki."

"Na wewe mke?"

"Alishafariki."

Akanirudishia sufuria. "Basi wewe hukuja kuziba tundu."

Nikamlipa, nikaondoka nayo.

Wewe umeniuliza kwa nini sikuirudisha. Nakujibu mara moja, nisiulizwe tena. Sufuria ikiwa kwangu, nikimwona pale kwenye masale nina la kumwambia. Namwambia, Bernadetha, sufuria yako nitaleta. Anasema, haina haraka baba Flavia. Tunasimama kidogo. Nikiirudisha nitamwambia nini?

Ndiyo hivyo. Na sasa anahama.

Sina la kuficha, lakini usiwasomee bweni.

Mfuniko?

Baba yako

~

Kirua Vunjo
Jumapili, 20 Oktoba 2024

Flavia,

Wiki tatu hakuna barua. Nimeuliza parokiani kwenye sanduku la barua mara nne, katekista sasa akiniona anatikisa kichwa kutoka mbali.

Matroni, kama umeishika wewe, mpe mtoto barua yake.

Flavia, kama umekasirika sema. Nakujua ukikasirika, siku uliyozaliwa ulilia mpaka manesi wa zamu ya pili wakaja kuangalia ni nani. Kimya chako sikijui.

Kama hutaki, hutaki. Nitamrudishia sufuria kesho, nifunike na jani la mgomba, yaishe. Wewe ndiye wa kwanza hapa nyumbani. Wengine baadaye.

Ng'ombe mzima.

Baba

~

Bweni la Mawenzi
27 Oktoba 2024

Baba yangu,

Shikamoo. Subiri! Kama hujaipeleka, subiri. Kama umeipeleka, kaichukue.

Matroni hana kosa. Barua yako alinipa siku ile ile, na hakuwasomea wenzangu. Alinipa mkononi, akasema, "Soma peke yako, hii si ya kucheka." Ni mimi sikuandika. Nimeanza barua tano, nimezichana. Karatasi zangu si za saruji.

Mfuniko nimeuficha mimi.

Ilikuwa siku ya mwisho ya matanga. Wanawake wanaosha vyombo nyuma ya zizi, mimi napita na kuni. Nikasikia mmoja anasema, "Hii sufuria ndiyo itamrudisha Bernadetha humu ndani, mtaona." Wakacheka. Udongo wa mama ulikuwa bado mbichi, baba. Nikachukua mfuniko nikapanda nao darini kwenye ghala la kahawa, nikausukuma nyuma kabisa, nyuma ya debe la mama. Nikajua sufuria bila mfuniko huwezi kurudisha, utaona aibu. Na yeye ni mpole, hatakuja kuidai. Basi hamtakuwa na la kuongea.

Sasa ona hesabu yangu. Ningeuacha, ungeirudisha wiki ile ile na yangekwisha. Kwa kuuficha nimekupa miaka miwili ya kusimama kwenye masale. Wa tatu darasani! Mwalimu Rukaiya akijua atanirudisha kidato cha kwanza.

Nilimuuliza swali bila kutaja majina. Nilimwambia, mwalimu, sifuri ikija kukaa karibu na moja, si inaibadilisha ile moja? Akasema moja haiguswi. Andika kumi uone. Moja ipo pale pale ilipokuwa, mbele kabisa, na hakuna anayeifuta. Kilichoongezeka ni kwamba sasa ni kumi.

Nimelia kidogo, halafu nimecheka, maana nimekumbuka unavyopika.

Basi fanya hivi. Panda darini, chukua mfuniko. Uoshe na maji. MAJI. Mchanga usiuguse. Usipike chochote. Kata jani la sale, uweke ndani, umwombe radhi kwa kuchelewesha chombo. Mtu akiletewa sale hawezi kukataa, hata yeye hawezi.

Tunafunga shule tarehe 13 Desemba. Nikifika nikaikuta hiyo sufuria chini ya meza, naibeba mwenyewe mpaka kwake, na nasema yote uliyoandika, pamoja na mtoto wa siku saba.

Nisamehe.

Flavia wako

~

Kirua Vunjo
Jumapili, 10 Novemba 2024

Flavia,

Nimekusamehe kabla sijafika mwisho wa barua. Endelea na masomo.

Sufuria sikuwa nimeipeleka. Nilisema kesho. Kesho ikanyesha.

Nimepanda darini. Mfuniko upo ulipouacha, nyuma ya debe la mama yako, umelala chali. Ndani yake amekaa kuku. Yule mweusi niliyedhani ameliwa! Nimemlaumu bure mbwa wa watu wiki nzima. Ameugeuza mfuniko wako kiota. Nikamsukuma, akanidonoa kidole cha mwiko. Chini yake mayai tisa. Nikayatia kwenye maji, yote yamezama. Mazima.

Kwa hiyo sufuria ikapata cha kuingia nayo bila mimi kupika. Mayai tisa. Ukiyaangalia kwa juu ni sifuri tisa. Nikaweka sale juu. Nikavaa shati la kipaimara chako. Nikaenda.

Bernadetha alikuwa anaanika kahawa. Nimetua sufuria. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Hatua hamsini ni chache, hayakukaa sawa.

Akafungua mfuniko. Akaona sale. Akaona mayai. Akayatoa moja moja, akaona kiraka cha Mzee Swaleh.

"Baba Flavia, hiki nini?"

Hapo nikaongea. Nimemweleza Godlove, na ziro, na Waitalia, na Mwalimu wa Pangani, na mia mbili na tano, na zile herufi tatu. Nimemchorea chini kwa kijiti, kistari chini, mkia wa panya juu. Sijawahi kuongea hivyo tangu nizaliwe. Kahawa yake ililoa na manyunyu, hakuna aliyeona.

Akakaa kwenye kinu, anacheka, anashika mbavu.

"Kwa hiyo umekaa na sufuria yangu miaka miwili unatafuta neno?"

"Ndiyo."

"Na umelipata?"

Nikasema ng'ombe anataka maji. Nikaondoka.

Leo asubuhi nimefungua mlango niende misa. Sufuria iko kizingitini. Mfuniko juu. Imejaa kiburu, bado kinatoa moshi, na vipande vya nyama ambavyo kwenye kiburu huwa hamna.

Sielewi. Chombo ni chake. Nimekirudisha na kitu ndani, tumemalizana. Mbona kimerudi?

Kingine. Sale niliyokata ni ya mpaka wetu. Nilikata mche mzima kwa haraka. Sasa pana pengo la kupita mtu. Hakulisema.

Maana yake nini haya yote? Muulize Mwalimu Rukaiya.

Baba yako

~

Bweni la Mawenzi
19 Novemba 2024

Baba yangu,

Shikamoo. Mimi mzima. Sasa ni wa pili.

Nimemuuliza Mwalimu Rukaiya. Ameweka chaki chini akasema hiyo siyo mada yake, na kwamba hata mtoto wa chekechea angepata. Nimewauliza wa bweni, samahani, nimewasomea, nisingeweza kukaa nayo peke yangu. Wamepiga kelele mpaka taa zikazimwa mapema. Jibu wamelipata wote, na ni moja, lakini Matroni ameomba alitoe yeye. Amesema amefungua barua hizi tangu mwezi wa nane, ana haki. Nampa kalamu.

Mzee Theodory, habari za nyumbani. Mimi ndiye Matroni. Maana yake hahami. Acha kuandika barua, pita kwenye pengo.

Umesikia baba? Pita.

Flavia

~

Kirua Vunjo
Alhamisi, 28 Novemba 2024

Flavia,

Leo si Jumapili lakini naandika.

Ng'ombe mzima. Bernadetha mzima. Kaka yake wa Babati amepigiwa simu, amekasirika, amepoa, anakuja Krismasi. Padri ameambiwa. Godlove ameambiwa, ameniita Profesa bila kulazimishwa.

Matroni, umepata. Asante. Mtoto akifunga shule, mruhusu mapema asikose basi.

Pengo nilitaka kulipanda sale nyingine. Amekataa. Amesema aliyekata njia asiizibe, yeye si Mzee Swaleh.

Tarehe 13 ukifika usinitafute nyumbani kwanza. Pitia pengoni, nitakuwa upande wa pili, nimekatazwa kugusa jiko lakini naruhusiwa kumenya. Halafu tutaenda wote watatu kwa mama yako, tupalilie kaburi, tumwambie. Mbele kabisa, kama ulivyosema. Yeye kwanza.

Vyombo tumeshakubaliana. Sufuria inakaa kwake. Mfuniko unakaa kwangu.

Baba yako,
Theodory